Kitenzi Kilichoingia bila Hodi

Asubuhi ya Idi Kubwa, Ibra, jua halijaanza kuuma.
Hilali ananoa kisu ukingoni mwa kizingiti,
beberu kafungwa chini ya kiyoyozi
na matone yanamdondokea sikio moja tu.

Mama katoka chumbani.
Nguo ya zambarau, suruali ya tarizi kifundoni,
kajifukiza udi hata ukuta unanukia.
Binti yangu Muzna, mzaliwa wa Maskati,
akainua simu, akapiga ukelele:
"Bibi, unaslei!"

"Nana nini?"
Ndivyo aulizavyo mama
kila neno linapoingia nyumbani bila hodi.

Wakanigeukia mimi.
Miaka ishirini na miwili nawasomesha Kiingereza
wasichana wa Sharkia,
na bado sijazoea kuitwa shahidi
wa lugha isiyo yangu.

Nikasema: ni kitenzi kikongwe, mama.
Maana yake kuua.
Si kuua kwa homa, si kuua kwa gari,
ni kwa upanga, kwa mkono,
shujaa wa hadithini na joka la moto.
Wenyewe walikwisha kukikunja kabatini,
wakikitoa gazetini tu, mtu akifa vibaya.
Sasa vijana wamekifuta kutu,
wamekivisha:
umependeza hata akutazamaye hana pumzi.

Mama akatazama kiganja chake.

Kwetu mwaka ule hauna tarakimu.
Twauita Ramadhani ile.
Ndugu zake wawili hawakuifunga.

Nikajua nimelipakua neno likiwa bichi.
Nikarudi nyuma mbio:
Lakini zamani zaidi, mama, zamani sana,
halikuwa kuua. Lilikuwa kupiga tu.
Kupiga kwa nyundo.
Hata lile chanuo linalogonga uzi
kwenye kitanda cha mfumi,
kwao laitwa kwa jina la ukoo huohuo.

Hapo akainua uso.
Alimjua mfumi mmoja, Samaili,
miguu shimoni, kiuno juu ya ardhi,
tap, tap, kutwa nzima,
na hakufa kitu
ila nafasi baina ya uzi na uzi.

"Basi si ni piga?" akasema.
"Twapiga pasi, twapiga simu,
twapiga soga, twapiga chafya,
na nani katokwa damu?"
Twapiga na moyo konde, nikataka kusema,
nikaacha. Huyo ndiye aliyenifunza.

Muzna akachuchumaa, akagusa tarizi kifundoni.
"Bibi, na hili si ua?"
"Ua."
"Na pale alipofungwa mbuzi?"
"Ua."
"Na..."
"Na hiyo pia. Herufi mbili, mwanangu,
na zote tunaishi nazo chumba kimoja."

Kutoka uani ikaja bismillahi ya Hilali,
ikaja takbiri,
kisha ule ukimya mfupi wenye maji ya mpira wa bustani.
Chinja. Hiki hakijabadili nguo.
Sijamsikia mtu akisifiwa nacho,
na naomba nisimsikie.

Mchana nyama ikapakwa bizari, ikafungwa makutini,
ikateremshwa shimoni, tukaifukia na moto wake.
Tutaifukua keshokutwa.

"Nipige tena," mama akamwambia Muzna.
"Upande huu. Ule mwingine taya limeshuka."
Akasimama wima mbele ya mlango wa bati,
mkono kiunoni, mwanamke wa miaka themanini na kitu,
na kweli, Mungu anisamehe, nilikosa pumzi.

Usiku nikamsikia akimrikodia dada yake wa Dubai,
simu kaiweka mdomoni kama kipande cha halua:

"Hebu tazama hiyo picha.
Mtoto huyu kaniambia nimeua.
Nikamwambia, mie?
Mie sijaua hata kuku."

Alama mbili zikageuka buluu.
Tukangoja jibu.
Chini ya ardhi nyama ilikuwa inaendelea kuiva.